Mswaki, Ufizi na Harufu ya Kinywa



Mwenye homa huambiwa pole. Mwenye kunuka kinywa haambiwi kitu. Jirani yake katika safu ya sala hugeuza uso kidogo, mkewe huona haya kumwambia, na rafiki husogeza kiti. Aghalabu yeye ndiye wa mwisho kujua, kwa kuwa pua huizoea harufu ya mwenyewe. Akisha kujua hukimbilia karafuu, iliki au peremende, navyo huifunika harufu kwa kitambo wala haviiondoi.

Asili ya harufu hiyo mara nyingi haimo tumboni, kama wengi wadhanivyo, bali mumo humo kinywani. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hukaa nyuma ya ulimi na baina ya meno na ufizi, vikala mabaki ya chakula na kutoa hewa ya kiberiti, mfano wa yai viza. Usiku mate hupungua, ndiyo sababu kinywa cha alfajiri hunuka hata kwa mtu mwenye siha njema. Lakini harufu isiyoondoka mchana kutwa, pamoja na damu wakati wa kupiga mswaki, yaonyesha kwamba ufizi ni mgonjwa.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Aonapo damu, mtu huacha kusugua mahali pale, akidhani anapaumiza. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, wa Aarhus nchini Denmark, walitangaza habari za jaribio lao: watu 12 wenye ufizi mzima waliacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 ufizi uliwavimba wote, hakubaki hata mmoja. Waliporudia kusafisha, ukapona kwa muda wa juma moja au karibu na hapo. Basi aonaye damu na asugue pale pale, kwa upole, asubuhi na usiku. Na isipokoma, amwendee mganga wa meno.

Ukoga ulio laini huondoka kwa mswaki. Ukikaa siku nyingi hushika chokaa ya mate ukawa kama jiwe, na hapo hauna mswaki wa kuuweza, uwe wa mti au wa dukani. Hapana budi ukwanguliwe na mganga kwa vyombo vyake. Wako wasemao kwamba kukwanguliwa hulegeza meno. Hasha! Jino hulegezwa na maradhi yanayokula mfupa chini ya ufizi. Ukoga ulikuwa umelishika tu, kama udongo ushikavyo nguzo iliyooza, nao ukiondolewa ulegevu wa zamani huonekana. Mwenye kisukari hasa asikawie, kwani maradhi haya mawili huzidishana. Mvuta sigara naye asijidanganye kwa kutoona damu: tumbaku huificha.

Katika jambo hili Mwislamu ana udhuru mdogo kuliko wengine. Mtume (S.A.W.) alikaribia kuufanya mswaki uwe amri kwa kila sala, akazuiwa na huruma yake tu kwa umati. Mti wenyewe huota katika nchi kavu kama Karamoja na Turkana, na katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utumike mahali ulipo desturi. Ncha hutafunwa hata iwe nyuzi laini, ikichakaa hukatwa. Kasoro ni ya watumiaji: wengi husugua meno ya mbele yaonekanayo, wakayaacha magego, upande wa ndani na ulimi. Mwenye uwezo aongeze dawa ya meno yenye floraidi.

Kila Ramadhani huulizwa kama aliyefunga aweza kupiga mswaki. Katika madhehebu ya Kishafi ni makruhu baada ya jua kupinduka. Wahanafi na Wamaliki hawaoni karaha hiyo. Kwa vyovyote, hakuna akatazaye baada ya futari na baada ya daku, na hizo ndizo saa zifaazo kuliko zote. Ama mwenye ukoga mgumu, ni vyema aende kwa mganga katika Shaabani, asije akaingiwa na shaka ya damu na maji kooni ilhali yumo katika saumu.