Picha ya Mwenye Njaa

Mazungumzo kwa wajumbe wa Haki na Amani, Ihumwa



Tumeombwa kuzungumzia picha na heshima ya maskini. Tumeona vema tuitazame kazi ya mtu mmoja, Mohamed Amin, mpiga picha na mtayarishaji wa filamu za matukio ya kweli. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Huko alianzisha kampuni yake, Camerapix, mwaka 1963, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica juu ya vyombo vya upashanaji habari. Aliyapiga picha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Mwaka 1966 alifungwa huko siku 27, kisha akahamishia kazi zake Nairobi.

Lililomfanya ajulikane duniani ni Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Mwezi Oktoba 1984 alifika huko pamoja na Michael Buerk, mtangazaji wa BBC, akakuta maelfu ya watu wamelala kwenye baridi ya alfajiri, wengine wakiwa maiti. Picha zake zilitangazwa tarehe 23 Oktoba, kisha zikaonyeshwa na vituo 425 vya dunia, na watazamaji wakakadiriwa kufikia milioni 470. Wanamuziki wa Uingereza wakaimba kuchangisha fedha. Julai 1985 likafuata tamasha kubwa la Live Aid. Chakula kikafika. Wako watu wanaoishi leo kwa sababu ya kamera ile, nasi hatuna budi kulikiri jambo hilo kabla ya kusema neno jingine.

Baada ya hapo yeye na Mohinder Dhillon, Msikh wa Nairobi, walitengeneza filamu waliyoiita African Calvary, yaani Kalvari ya Afrika. Mwislamu na Msikh walichagua jina la mlima wa Msalaba. Pengine walituelewa kuliko tunavyojielewa.

Hata hivyo picha ina mpaka wake. Mtazamaji wa London aliona ardhi kavu na mtoto aliyekonda, akadhani mvua peke yake ndiyo iliyoua. Vita vya serikali ya Mengistu na wapiganaji wa Tigray na Eritrea havikuonekana kwa urahisi, wala amri zilizozuia chakula kupita. Huruma iliamshwa upesi. Swali la haki lilichelewa.

Sisi wa Ugogo tunalifahamu hilo bila kuonyeshwa. Wazee wetu walisimulia Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo inakadiriwa kuua watu 30,000 hivi. Mvua zilikosekana, ni kweli. Lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Hakuna filamu ya Mtunya. Hata kama ingekuwapo, ingetuonyesha mifupa. Ghala lililokombwa lingebaki nje ya picha.

Amin alilipia kazi yake. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto na kumwua mwenzake John Mathai, fundi wa sauti. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kwenye kamera. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyokuwa akisafiria ilitekwa, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walikufa, naye akiwa mmoja wao.

Leo kila mmoja wetu ana kamera ya simu mfukoni. Tumeona mama akishikishwa debe la mahindi, akaambiwa atabasamu, ndipo aruhusiwe kwenda nyumbani. Tunaomba katika vigango vyetu chakula kikabidhiwe kwanza. Asiyetaka picha apate sawa na mwenzake, wala asiulizwe sababu. Na anayepiga picha awe na daftari: aandike kama mvua zilikatika, kama mtama uliuzwa mapema kwa bei ya kutupa, kama shamba lilitwaliwa na fidia ikachelewa, na kama ilichelewa, ni nani aliyepaswa kuilipa.