Redio Haina Masikio: Watoto wa Msingi na Masomo ya Nyumbani, 2020



Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Rais Kenyatta aliagiza shule zifungwe. Kesho yake shule za kutwa hazikufunguliwa. Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne waliitwa tarehe 12 Oktoba. Waliobaki walisubiri hadi tarehe 4 Januari 2021.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kwa hesabu ya vifaa, na hesabu yenyewe ni ya kweli. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 56.9 ya kaya zilikuwa na redio, 40.7 zilikuwa na televisheni, na intaneti ilifika katika asilimia 17.9 pekee. Vishikwambi ambavyo serikali ilianza kuvigawa mwaka 2016 kwa watoto wa madarasa ya chini vilikuwa mali ya shule, na shuleni vikabaki. Kufuli za stoo zilifanya kazi yake barabara.

Lakini mimi sikuja kuhesabu redio. Nataka tuitazame nyumba ambayo redio ilikuwemo.

Mwezi Mei mwaka ule Mji wa Kale, Mombasa, ulifungwa. Hakuna kuingia wala kutoka. Nyumbani kwetu redio iliwekwa dirishani, na mpwa wangu wa Gredi ya 2 akaketi mkekani na daftari lake. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilikuwa ikipeleka vipindi vya masomo hewani kupitia redio ya taifa, KBC. Mtangazaji akauliza, kwa Kiingereza, ishirini na tatu ukijumlisha na kumi na tisa unapata ngapi. Akanyamaza kidogo. Binti akapaza sauti: "Thelathini na mbili!" Redio ikajibu kwa bashasha kwamba amefanya vizuri sana. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele, akainua kichwa: "Kwani yamsikia?"

Swali la bibi lilinitosha kwa mhadhara mzima. Yeye alisomea chuoni, kwa maana ya pwani, yaani shule ya Kurani: mtoto huchukua darsa yake, huenda kuidurusu, kisha hurudi kuisoma mbele ya mwalimu. Akikosea, hapewi darsa mpya. Kazi kubwa ya mwalimu pale ni kusikiliza. Utaratibu ule una ukali wake, na wengi wenu mnaukumbuka mgongoni, lakini haumsifu mtoto kwa jibu ambalo halikusikika.

Kisha kuna suala la lugha. Sera yetu inasema mtoto wa gredi tatu za mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake. Mwalimu darasani huitekeleza bila hata kuisoma sera: akiona macho yamekodoka, anaeleza upya kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa Kitaita. Sauti moja inayorushwa nchi nzima haiyaoni macho hayo. Kwa hiyo walioumia zaidi ni wadogo, wale wale ambao sera ilikusudia kuwalinda. Mwanafunzi wa kidato cha nne huweza kujisomea; wa Gredi ya 2 bado anajifunza kusoma.

Basi nani alisikiliza? Mara nyingi ni dada mkubwa. Kwetu, dadake binti yule alikuwa na mtihani wake wa darasa la nane. Alimpa mdogo wake majibu ili amalize upesi, na simlaumu. Wizara ya Elimu iliwataka wazazi wasimamie masomo kana kwamba kila mzazi ana nafasi, ilhali mama mchuuzi kafyu ya usiku ilikuwa imeshamkata saa zake za biashara.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wahadhiri wenzangu hawatalipenda. Mpango wa Agosti, wa walimu kuwafundisha watoto katika vikundi vidogo huko huko mitaani, ulitayarishwa kwa pupa na mahakama ikausimamisha. Hata hivyo, katika mipango yote ya mwaka ule, huo ndio uliokusudia kumweka mtu mzima mwenye ujuzi mbele ya mtoto. Tuliupinga, mimi nikiwemo, kisha tukarudi kujadili bei ya bando za intaneti.

Januari mpwa wangu alirudi shule. Wiki ya kwanza alikosea hesabu ya namna ile ile ya kujumlisha. Mwalimu hakumsahihisha. Aliinama kwenye dawati lake akamwuliza, "Umeipataje?" Binti akamtazama mwalimu, akatazama daftari, asijue la kusema. Kwa miezi tisa hakuna aliyemwuliza hivyo.