Gari Dogo la Moshi na Watu Wake

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi. Imepigwa chapa kwa ombi la wanachama waliokuwa kazini siku hiyo.)



Nilipoambiwa niseme maneno machache hapa, nilidhani mwataka habari za mishahara au za nyumba. Mwenyekiti akaniambia, "La, hayo tumeyazungumza mchana kutwa. Tuambie habari za yale magari ya makopo unayoyaunda." Wengine wakacheka, nami siwalaumu. Mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye mke na watoto, kukaa sakafuni akisukuma gari la moshi la bati, ni jambo la kuchekesha. Lakini naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa maana ndani ya jambo hili dogo mna jambo kubwa linalotuhusu sisi watu wa reli.

Kwanza mjue kwamba siko peke yangu. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha huko Leipzig gari la moshi la kuchezea, la kutiwa ufunguo kama saa, likizunguka juu ya reli zake. Uzuri wake ni kwamba mtu aliweza kununua injini mwaka huu, behewa mwaka ujao, na kipande cha reli mwaka wa tatu, vyote vikaunganika. Huko Liverpool, Frank Hornby alianza kuuza magari yake mwaka 1920. Watoto waliopewa magari hayo walikua, wakaoa, wakazeeka, lakini wengi hawakuyaacha. Huko Hamburg ndugu wawili mapacha walifungua mwaka 2001 nyumba nzima ya magari hayo madogo, pamoja na miji yake na milima yake, na katika mwaka wa kawaida watu zaidi ya milioni moja huenda kuitazama.

Hata hivyo uraibu huu una wasiwasi juu ya kesho yake. Duka la Hattons, lililoanza Liverpool mwaka 1946, lilitangaza Januari 2024 kwamba linafunga milango. Mwezi huohuo chama cha Warley, ambacho kwa miaka mingi kilifanya maonyesho makubwa huko Birmingham, kilitangaza kwamba hayatafanyika tena, kwa kuwa waliokuwa wakiyaandaa kwa kujitolea wamezeeka na vijana wa kuwapokea hawakutosha. Basi hata kwa wenzetu wenye fedha, kitu hiki hakiishi kwa fedha tu. Huishi kwa mtu kumfundisha mtu.

Sasa turudi kwetu. Ukinunua reli ndogo za dukani, zile za kipimo kinachotumiwa zaidi Ulaya, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Upana wa njia ni milimita 16 na nusu, na huo ndio mfano wa njia ya milimita 1,435. Njia ya namna hiyo ndiyo ile mpya iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Njia yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, upana wake ni mita moja, na kwa kipimo hicho yataka reli za milimita 12. Kwa hiyo mtu akinunua reli za kawaida za dukani amejenga njia ya juzi. Njia ya babu yake hajaijenga. Tena bei ya injini moja nzuri kutoka ng'ambo yaweza kumaliza mshahara wa mwezi wa wengi wetu hapa. Ndiyo sababu mimi nikashika makopo na mkasi.

Niliyotaka kuunda ni injini ya aina ya 59. Wazee hapa wanaijua, vijana labda hawaijui. Zilikuwa 34, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, zikaingia kazini mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, urefu wake futi 104, yaani karibu mita 32, na magurudumu 28. Zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda katika njia yo yote ya mita moja duniani. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966. Injini mbili zingaliko katika Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: nambari 5918, Mount Gelai, na nambari 5930, Mount Shengena. Ye yote ambaye hajapeleka watoto wake kuziona, na awapeleke.

Babu yangu alikuwa mchochea moto katika injini hizo, na baadaye dereva, kati ya Mombasa na Nairobi. Moto wake haukuwa wa kuni wala wa makaa, bali wa mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kuangalia mafuta, mvuke na maji, na asisinzie. Maji yakishuka mno ndani ya boila, hatari yake kila mmoja wenu aijua.

Mwaka 2012 nilimaliza 59 yangu ya kwanza. Niliipunguza mara 30, urefu wake ukawa mita moja na kidogo, na njia yake milimita 33. Boila ilikuwa makopo ya maziwa ya unga, matangi yalikuwa ya debe, na magurudumu nilichongewa na rafiki mwenye mashine. Niliona fahari sana. Nikaipeleka nyumbani kwa babu, nikatandika reli uani, nikaisukuma. Ikaenda vizuri mpaka kona iliyo karibu na jiko, ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka tena.

Babu akasema, "Ilete hapa." Akaigeuza juu chini, kama mtu anayekagua kuku sokoni, kisha akacheka. "Mjukuu wangu, umeipigilia misumari kiunoni. Garratt hupinda kiuno. Isipopinda haitoki Pwani."

Akachukua viberiti viwili na kijiti, akaviweka juu ya meza. Kiberiti cha kwanza, akasema, ni injini ya mbele, yenye magurudumu yake na pistoni zake. Cha pili ni injini ya nyuma, nayo hali kadhalika. Kijiti ni boila pamoja na chumba cha dereva, imelala juu ya daraja la chuma, na daraja limeshikwa na egemeo kila upande. Kwenye kona, viberiti viwili hufuata reli, kila kimoja kwa njia yake, na kijiti hukata katikati kama uzi wa upinde. Na kwa kuwa chini ya boila hamna magurudumu, boila yaweza kuwa nene na moto wake kuwa na nafasi. Tena uzito umegawanywa juu ya magurudumu mengi, reli nyepesi zikaweza kuuchukua. Hiyo ndiyo akili ya Herbert William Garratt, Mwingereza, na injini ya kwanza ya namna hiyo ilitengenezwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Babu hakuyasoma hayo kitabuni. Aliyajua kwa miguu yake, kwa sababu alisimama juu ya kijiti kile miaka mingi.

Nikaikata 59 yangu, nikaitia egemeo mbili, ikapita kona. Kisha nikamwuliza babu juu ya mabomba: hili huenda wapi, na lile hushuka wapi? Mengine aliyakumbuka, mengine aliyasahau. Mwishowe akasema, "Hayo yamo katika michoro. Nenda katafute michoro."

Ndugu zangu, hapo nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza nitawaambia leo. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa kibarua mahali fulani ambapo sitapataja. Tuliambiwa tusafishe stoo. Ndani mlikuwa na karatasi kubwa za rangi ya buluu, zimeviringwa kama mikeka, pembeni zimeliwa na mchwa. Zilikuwa michoro ya injini na ya mabehewa. Tuliyemwuliza akasema, "Chomeni." Tukachoma. Mimi mwenyewe nilibeba mafurushi matatu hata motoni, na nilifurahi, kwa sababu tulimaliza mapema tukaenda zetu nyumbani. Sikumwambia babu. Alifariki mwaka 2016, nami sijamwambia. Leo ni mara ya kwanza kulisema mbele ya watu.

Sasa nataka niseme neno juu ya kutamani mambo ya zamani. Wako watu wanaosema, "Lo, magari ya moshi ya zamani! Filimbi yake! Moshi wake!" Nami pia hupenda hayo. Lakini tusidanganyane. Njia ile ilipojengwa mpaka Ziwani, waliletwa wafanyakazi 31,983 kutoka India, na kati yao 2,493 walikufa. Wageni wengi huuliza habari za simba wa Tsavo. Wachache huuliza habari za watu hao, na wachache zaidi huuliza habari za Waafrika waliofyeka msitu na kubeba mizigo. Halafu katika siku za ukoloni mshahara ulipangwa kwa rangi ya mtu, na mabehewa nayo yalipangwa kwa daraja, na sisi tunajua daraja letu lilikuwa lipi. Babu yangu alikuwa na kovu la kuungua kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, na sikio moja lilikuwa zito kwa kelele. Gari zuri ndani ya kabati la kioo halionyeshi mkono ule.

Je, kwa hiyo tuache kutamani? La. Mtu asiyekumbuka kazi ya baba yake hawezi kuitetea kazi yake mwenyewe. Nisemalo ni hili: tukikumbuka injini, tuwakumbuke na watu wake. Katika kile kipimo cha 87, mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 2 tu, na wenye maduka huuza watu hao wamekwisha pakwa rangi. Katika gari langu nimewaweka watu wawili wa mti. Mchochea moto nimempaka mstari mwekundu mkononi. Mwanangu aliniuliza, "Baba, huyu ameumia?" Nikapata nafasi ya kumweleza habari za babu yake mkuu. Bila mstari ule asingeuliza.

Basi nina maombi matatu mbele ya tawi hili.

Kwanza, wazee wetu waliostaafu waitwe mmoja mmoja, waketi, waulizwe, na maneno yao yaandikwe au yarekodiwe katika simu zetu hizi. Si habari za injini tu, bali pia majina ya wenzao, landi walizokaa, ajali walizoziona, na madai waliyoyapigania. Kila mzee tunayemzika kabla ya kumwuliza ni furushi jingine la michoro motoni.

Pili, mwanachama akiambiwa achome au atupe karatasi za zamani, picha, vibao vya majina au vifaa, kwanza amjulishe Katibu, naye Katibu aende kwa wakubwa aombe kwa adabu zihifadhiwe, au zipelekwe Makumbusho. Hatusemi mtu akatae amri. Hatusemi mtu achukue mali isiyo yake. Twasema aulize kabla ya moto kuwashwa. Neno moja la kuuliza lingalitosha siku ile, nami sikulisema.

Tatu, watoto wetu. Vijana wa siku hizi hawakuona mvuke. Hata mimi nilizaliwa wakati kazi yake ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo tusiwalazimishe kupenda kile tulichopenda sisi. Mmoja atapenda gari la mwaka 2017, na afanye hilo. Mwingine aijuaye kompyuta atachora gurudumu, na ziko mashine za kulitoa likiwa la plastiki, kamili. Nimeona ya kwamba mtoto akikata bati kwa kipimo, hesabu aliyoichukia shuleni huipenda, na akitia egemeo mahali pake, ameanza ufundi. Kesho ya uraibu huu iko kwa mtoto aliyeachiwa mkasi ajaribu. Katika kabati lililofungwa kwa kufuli haimo.

Nimepewa ruhusa ya kutumia ofisi ya tawi siku ya Jumamosi, kuanzia saa nane mchana. Leteni watoto, wa kiume na wa kike. Leteni makopo, waya, vipande vya debe, na msumeno kama mnao. Mzee mmoja au wawili waje waketi karibu, watuambie tunapokosea. Kiti kiko, na chai nitapika mimi.

Nami nitaileta ile 59 ya kwanza. Sikuyaziba matundu ya misumari pale kiunoni, kusudi watoto waone mahali nilipokosea na mtu aliyenisahihisha.

Umoja ni nguvu.