Haki ya Kuambiwa Sababu: Posho ya Wazee na Njia ya Rufani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama)



Nimeombwa na Kamati niseme machache juu ya posho ya wazee iitwayo Inua Jamii, na hasa juu ya wale walioiomba wakarudi mikono mitupu. Nimeikubali kazi hii kwa sababu jibu wanalopewa wazee hao kwa kawaida ni moja: "Jina halikutoka." Neno hilo si uamuzi, wala si sababu. Mtu aliyeambiwa hivyo hana la kujibu, maana hajui ana upungufu gani.

Kabla ya mwaka 2018 fungu la fedha lilikuwa dogo, nayo posho iliwekewa wazee wa miaka 65 na zaidi waliokuwa maskini sana. Ilibidi wachaguliwe wachache katika wengi. Basi aliyeachwa, akitaka kulalamika, alilazimika kuonyesha kwamba yeye ni maskini kuliko jirani yake. Kwamba fulani ana ng'ombe, au ana mwana mjini ampelekeaye fedha. Wengi waliona haya, wakanyamaza.

Tangu mwaka 2018 mambo yalibadilika. Kila Mkenya aliyetimiza miaka 70, asiyepokea pensheni ya Serikali, aliingizwa katika hesabu bila kuulizwa umaskini wake, akawekewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mageuzi hayo mimi nayasifu, kwani hayamfanyi mzee kuwa mshindani wa jirani yake. Lakini ugomvi haukwisha. Ulitoka barazani ukaingia katika karatasi. Swali likawa: una miaka mingapi, na ushahidi wako ni upi?

Hapo ndipo wanawake wetu wanapoumia zaidi. Wanaume waliandikishwa kwa kipande tangu zamani za ukoloni, bali wanawake hawakuandikishwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Mama aliyezaliwa kijijini, asiyekwenda shule wala kubatizwa utotoni, alifika mbele ya karani akaulizwa mwaka wake, naye akajibu kama alivyofundishwa na wazazi wake: nilizaliwa watu walipoingizwa katika vijiji wakati wa Hali ya Hatari. Karani asiyejali aliandika mwaka wo wote uliomjia. Sasa tuhesabu. Watu walianza kuingizwa katika vijiji hivyo mwaka 1954, na aliyezaliwa mwaka huo alitimiza miaka 70 mwaka 2024. Ikiwa kipande chake chasema 1961, atangoja hadi mwaka 2031. Ni miaka saba ya posho, yaani shilingi 168,000, iliyopotea kwa kalamu ya mtu mmoja.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya Waafrika peke yao. Uingereza ilipoanza kuwalipa wazee wake pensheni tarehe 1 Januari 1909, umri uliowekwa ulikuwa huo huo wa miaka 70. Ayalandi, iliyokuwa chini ya utawala wake, haikuwa na uandikishaji wa vizazi wa Serikali kabla ya mwaka 1864. Basi wazee wa huko walisema kwamba wanaukumbuka ule usiku wa upepo mkubwa wa Januari 1839, na maafisa wakapekua vitabu vya hesabu ya watu ya mwaka 1841 na 1851 wakitafuta majina yao. La kuangaliwa ni kwamba sheria ile iliweka tangu mwanzo mahali pa kukata rufani: kamati ya mahali ikikataa, mzee aliweza kupeleka shauri lake kwa wakuu wa juu.

Sisi nasi tunayo sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 47, yampa mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyofuata kifungu hicho yaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: afisa akiombwa sababu asizitoe, uamuzi wake huhesabiwa kuwa haukuwa na sababu njema, mpaka ithibitishwe vingine. Hiyo ni silaha kubwa kwa mtu mnyonge, ila haifanyi kazi mpaka mtu aombe. Kuomba kwa mdomo dirishani hakuachi alama yo yote.

Yapasa pia tupambanue mambo mawili yanayochanganywa. Kuna aliyekataliwa, na kuna anayengojeshwa. Wengi waliotimiza miaka 70 baada ya uandikishaji wa mwaka 2017 walikaa miaka kadhaa kabla orodha haijafunguliwa tena. Hao hawakuhukumiwa kuwa hawastahili, fedha hazikutengwa. Dawa ya jambo hilo ni kwa Wabunge, si kwa afisa wa kaunti ndogo, na kumgombeza afisa ni kupoteza nauli.

Kwa aliyekataliwa hasa, Kamati imekubali kwamba Katibu atamwandikia barua mbili kwa afisa wa maendeleo ya jamii, nakala moja ikigongwa muhuri wa kupokelewa na kurudishwa kwa mzee mwenyewe. Barua iombe sababu, na iulize rufani hupelekwa kwa nani. Jibu lisipokuja, shauri liende makao makuu, kisha kwa ile Tume ishughulikayo malalamiko juu ya maafisa wa Serikali, ambayo iliundwa mwaka 2011. Mahakama ni ya mwisho, na kwa kawaida haitasikiliza mtu aliyeruka ngazi hizo.

Mwenye kipande chenye mwaka usio wake asianze na barua hizo. Na aende kwanza kwenye ofisi ya uandikishaji wa watu, akichukua cheti cha ubatizo au cha shule kama anacho, na kama hana, kiapo chake. Katibu anaandika majina ya hao leo, mezani pale mlangoni, kabla ya chai.