Siku za Mapumziko Mjini Muscat



Nimetakiwa nieleze maisha ya Muscat, nilikopelekwa kikazi. Ya ofisini niyaache. Mapumziko huko ni Ijumaa na Jumamosi, na mchana joto halina huruma, hivyo alasiri nilikuwa nikishuka Muttrah, soko la kale karibu na bandari.

Siku ya kwanza niliulizia bei ya ubani kwa Kiarabu cha kubabaisha. Mzee muuzaji akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja, kilichonyooka kuliko chetu sisi Wazigua! Wenziwe wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, wakarejea Oman hasa tangu Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970. Handeni hakuijua, lakini Korogwe aliwahi kupita kwa gari moshi, akitokea Tanga.

Basi kila Ijumaa ikawa kahawa, halua na habari za nyumbani. Yeye aliacha nyumba Unguja. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Jambo hilo tulilizunguka kwa adabu. Wajukuu zake walitusikiliza, wakimjibu kwa Kiarabu.