Mwana Akiumia Nyumbani kwa Wazazi

Kijana wa miaka 35 amerudi kijijini Desemba kuwasalimia wazazi. Usiku anatoka kujisaidia, anakanyaga mbao zilizooza juu ya shimo la choo cha zamani, anatumbukia, mguu unavunjika. Anaweza kumshtaki babake?

Anaweza, msikilizaji. Sheria ya Kenya kuhusu dhima ya mkaaji, Sura ya 34, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1957, haiulizi nani baba, nani mwana. Inauliza nani mkaaji, nani mgeni. Mkaaji anatakiwa achukue tahadhari ya kadiri ili aliyeingia kwa ruhusa asidhurike. Lakini mtu mzima hutarajiwa atazame anapokanyaga, na huyu amekulia pale pale. Akionekana naye alizembea, fidia itapunguzwa.

Mkaaji ni nani, basi? Hapo ndipo penye kazi. Mwaka 1966 majaji wa House of Lords, Uingereza, waliamua kesi ya mgeni aliyeanguka usiku kwenye ngazi za baa akafa. Balbu haikuwepo, na mbao ya kushikia iliishia kabla ya ngazi kuisha. Familia yake haikupata kitu, ila majaji walisema mkaaji ni yule mwenye usemi wa kutosha juu ya mahali, na wanaweza kuwa zaidi ya mmoja.

Sasa tazama nyumba zetu za mashambani. Mwana yuko Nairobi au Doha, yeye ndiye aliyejenga, ndiye aliyemtafuta fundi, na chumba chake amekifunga, ufunguo kaondoka nao. Akiteleza kwenye ngazi aliyoagiza mwenyewe, atamlaumu mama?

Marekani kesi nyingi za ndugu kwa ndugu hulenga mfuko wa bima. Kwa kawaida bima ya nyumba haimlipi jamaa anayeishi humo humo. Aliyehamia kwake ana nafasi. Hapa kwetu, pasipo bima, mwana akishinda, fidia itatoka kwenye ng'ombe wa mama, ambao huenda angewarithi. Kwangu mimi, kesi ya hivyo haina faida ila kwa mawakili.

Kwa hiyo, mzazi mwenye bima, muulize wakala wako leo: mwanangu aliyehama akiumia kwangu, mnalipa? Nawe uliyeumia, usikawie: hapa Kenya madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3.