Udongo wa mufuko haujakufa, uko na njaa



Wengi wenu mulirudi nyumbani nyuma ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Kule Buhene wengine mulikuta lava pale parsela ilikuwa. Jembe halipiti ku jiwe. Ndiyo maana tunalima ndani ya mifuko na bidoni za kukatwa, na udongo tunaununua, unakuja na chukudu.

Leo tunaanza na kosa letu. Msimu uliopita tuliwaambia: lengalenga ikidhoofika, mumwage udongo, munue mwingine. Wamama wakamwaga. Kisha tukaleta mboleo ya kuku ingali mbichi, na miche ikaungua. Mama mmoja akatuuliza: "Pesa ya udongo ilikuwa ya chumvi na sabuni. Mutanirudishia?" Alikuwa na haki. Tunaomba radhi mbele yenu wote, na wafadhili wasikie.

Udongo ule haukuwa umekufa, ulikuwa na njaa. Kila mara munapomwagilia, maji yanatoka na chakula cha mmea. Mboleo nayo inaoza na kupungua, udongo unashuka na kushikamana.

Basi tufanye hivi. Nyuma ya kuvuna, mumwage udongo ku bashi, muvunje mabonge. Kwa ndoo 3 za udongo wa zamani, muongeze ndoo 1 ya mboleo iliyoiva: ni nyeusi, hainuki, haina moto ukitia mkono. Inatoka ku maganda ya ndizi na viazi, majani ya maharagi, mavi ya sungura na ya kuku. Muyafunike yaoze miezi 3 hivi. Jivu, konzi moja tu kwa mufuko; likizidi linaharibu. Katikati ya mufuko mupange mawe madogo ya lava, yale yenye matundu, yapitishe maji na hewa. Juu mufunike na majani makavu. Lengalenga ikiisha, mupande maharagi. Wakati wa kuvuna mukate shina, mizizi ibaki ndani.

Ku wafadhili: tunaomba pesa ya kununua udongo msimu huu inunue bashi na ndoo zenye vifuniko. Udongo tunao tayari.

Yule mama amekubali kujaribu mifuko 2, siyo zaidi. Tutapita kwake kila juma.